Mwenyeji wa Ghala la Barafu

Jina la nyumba ile silitaji. Bado inauzwa, na sitaki mtu aniletee mawakili mlangoni. Ninachoweza kusema ni kwamba iko kaskazini mwa Stockholm, ukishaipita Märsta, kwenye rasi inayoingia ziwani. Tangazo lake lilikuwa tamu kupita kiasi. Kasri la kale, lililojengwa kwa mtindo wa mabwana wa Uingereza. Bustani ya waridi. Nyumba ya vioo ya kukuzia mizabibu. Njia ya miti mirefu hadi majini. Na mwishoni, kama kitu cha kuongeza ladha tu: ghala la barafu la zamani, la kuhifadhia barafu ya ziwani hadi kiangazi, lililochimbwa kilimani, bado lina mlango wake wa asili.

Mlango huo nimeusukuma kwa bega langu mwenyewe, mkono wa mtu ukiwa katikati. Kama alikuwa mtu.

Naitwa Jerioth. Kazi yangu ni kusafisha nyumba zinazouzwa kabla wanunuzi hawajaja kuzikagua. Nimezaliwa Molo, nakaa Husby, na kanisani wananiita mdomo mkali kwa sababu neno nalisema likiwa bado la moto. Sijutii.

Siku ile nilikuwa na Asifiwe. Msichana wa Uvira, mpole hadi anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba msamaha. Mama yake, Dative, anakaa ghorofa ya juu yangu, na kila asubuhi tulipotoka alichungulia ngazini na kuniambia, nakuachia mtoto wangu. Asifiwe alikuwa aolewe Desemba. Gauni lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia kwenye kabati la Dative ndani ya nailoni. Aliniita yaya, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. Mimi nilimpenda, nalisema wazi, ingawa mbele yake nilikuwa nagomba tu.

Ilikuwa Ijumaa ya Novemba. Usidhani nakusimulia habari za usiku wa manane. Huku Novemba jua linaaga kabla watoto hawajatoka shule. Mume wangu Owen, dereva wa teksi, alitushusha getini katika manyunyu, akageuza gari kwenda Arlanda kuchukua abiria. Angeturudia kazi ikiisha.

Dalali alikuwa akitungoja mlangoni. Jonas, kijana nadhifu, nywele zimelazwa kwa mafuta. Alitukabidhi ufunguo wa mlango wa jikoni, akatuonyesha madirisha na sakafu za mbao. Kisha akasema tusile ndani ya nyumba. Tukiona njaa, tukale kwenye gari. Nilimuuliza sababu, akasema ni harufu, wanunuzi hawapendi harufu ya chakula. Lakini alisema hivyo macho yake yako bustanini. Akaondoka haraka, akiahidi kurudi kukagua.

Gari lenyewe lilikuwa limeshafika barabara kuu.

Tukaanza kazi. Ndani mlikuwa na baridi kuliko nje, baridi ya shimo. Kila tulipozima mashine ya vumbi, nilisikia kitu upande wa bustani.

Krr... krr... krr...

Mtu anakwangua sufuria iliyokauka. Nikajiambia ni mabomba. Nyumba za mabwana zina mabomba ya kale.

Asifiwe ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa anafuta dirisha la jikoni, akaniita kwa sauti ya chini. Kuna mzee kwenye waridi, alisema, amesimama mvuani bila kofia. Nikachungulia. Kweli. Mzee mwembamba, koti limemning'inia, mikono imekaa tu. Nikadhani ni mtunza bustani, nikamwambia Asifiwe aendelee kufuta.

Tulipomaliza jikoni tumbo langu lilikuwa linalalamika waziwazi. Dative alikuwa ametufungashia wali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwao, kwenye bakuli lake la kioo. Nje mvua, gari hakuna. Nikasema Jonas na pua yake watanisamehe. Nikapasha chakula, na mara kasri lote likanuka ndagala. Nilifurahi, roho mbaya tu.

Tukakaa mezani. Asifiwe akaombea chakula. Tulipofumbua macho...

Uso ulikuwa kwenye kioo.

Yule mzee. Paji la uso limegandamana na dirisha. Hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anatazama sahani. Na mdomo wake ulikuwa unatafuna, bila kitu ndani.

Hapa nieleze jambo, ili usimlaumu Asifiwe. Waswidi wana taratibu zao. Mtoto wa jirani akija kucheza na chakula kikaiva, anaweza kuachwa chumbani angoje wenye nyumba wale, na hakuna anayeona ubaya. Sisi hatuwezi. Tonge halishuki mtu akikukodolea macho. Hata chakula kikiwa kidogo unamkaribisha, naye anakujibu asante, nimeshiba, na mambo yanaishia hapo. Kila mtu kwetu anajua kwamba hiyo ni adabu tu.

Asifiwe aliinua mkono, akampungia.

"Karibu, baba. Njoo tukule."

Mzee hakusema ameshiba.

Mlango wa jikoni nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa ufunguo. Ulifunguka bila kelele. Ikaingia harufu ya udongo wa chini, maji yaliyolala, na chuma. Mzee akavuta kiti, akaketi. Ndevu zake zilikuwa na barafu, na jikoni mlikuwa na joto la kutosha, lakini ile barafu haikudondoka hata tone. Hakunawa. Alilikumbatia bakuli lote, akaanza kubugia.

Hakutafuna. Alimeza tu, shingo ikitutumka. Chakula kikaisha. Yeye hakuisha.

Krr...

Meno yake yalikuwa yanakwangua kioo. Bakuli likapasuka. Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akauma. Nilisikia kioo kikivunjika, kisha nikasikia jino likivunjika. Damu nyeusi, nzito, ikamtoka kwenye midomo na kuganda kwenye ndevu hapo hapo. Nilimshika Asifiwe mkono chini ya meza, nikamnong'oneza ainuke polepole, asikimbie.

Mzee alifuta mdomo, akasema kwa Kiswidi cha zamani, neno moja moja. Alisema amengoja sana katika nyumba hii aitwe mezani. Hakuna aliyemwita. Sasa zamu ni yake. Tuje tule kwake, si mbali, ni chini tu hapo bustanini.

Asifiwe alimjibu kwa Kiswidi, vile mama yake alivyomlea. Asante, alisema, tutakuja.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Na nani kati yetu hajalifanya? Unaalikwa, huna nia ya kwenda, unasema tutakuja, mwenyeji anafurahi, kila mtu anashika njia yake. Hakuna anayekushikilia neno hilo. Lakini Mswidi ukimwambia utakuja, anakuwekea kiti. Na huyu, kabla ya kuwa hicho alichokuwa, alikuwa Mswidi.

Alitabasamu, mdomo umejaa vioo.

Ndipo Jonas alipoingia kwa mlango wa mbele. Tulimsikia akifoka kuhusu harufu toka ukumbini. Alipofika jikoni na kumwona mzee, sura yake ilibadilika. Ninaapa alimtambua, au alitambua kitu alichowahi kuambiwa akakicheka. Lakini wanunuzi walikuwa wanakuja kesho yake, na kiburi ni kiburi. Alimkamata mzee ukosi wa koti akamvuta kumtoa nje.

Mzee aligeuka, akafungua mdomo na kuuma.

Alimwuma Jonas chini ya taya, kwa meno na vioo pamoja. Damu iliruka hadi kwenye dirisha tulilolifuta. Jonas alipiga teke, akapiga ngumi, akavuta kitambaa cha meza na sahani zote zikaanguka. Mzee hakuachia. Aliinuka akiwa amemng'ata vile vile, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akimburuta kwa shingo. Visigino vya Jonas vilichora mistari miwili kwenye sakafu safi. Nilirusha sufuria ya shaba, ikampiga mzee usoni. Hakupepesa.

Wakatokomea gizani. Jonas alipiga ukelele mmoja bustanini, ukakatika.

Nilifunga mlango, nikasukumia meza, nikapiga simu polisi huku vidole vinateleza kwa damu ya mtu. Waliniambia tubaki ndani. Nikapiga kwa Owen, nikamwambia aje, aje sasa hivi. Nilikuwa bado naongea taa zilipozimika.

"Asifiwe," niliita.

Nikapapasa kiti chake. Kitupu... baridi. Ile meza niliyoisukuma ilikuwa imesogezwa pembeni, taratibu, na mlango uko wazi. Hakupiga kelele. Nilimwona kupitia dirisha, kivuli chake kando ya kile kirefu, wanashuka kati ya waridi. Alikuwa ameshikwa kifundo cha mkono, anaongozwa mezani.

Nilichukua chuma cha kuchochea moto kutoka mekoni na kutoka mbio. Niliogopa, wala sikatai. Nilikuwa nalia kwa hofu na hasira pamoja, na kila hatua namwona Dative pale ngazini. Nikaifuata damu kwenye changarawe kwa tochi ya simu, nikaipita ile nyumba ya vioo, nikafika kilimani. Mlango mzito wa mbao ulikuwa wazi. Ndani mshumaa unawaka.

Ngazi zilishuka. Chini kulikuwa na barafu iliyochongwa, mabonge makubwa ya buluu, katika ghala ambalo halijawekwa barafu tangu enzi za babu zao. Bonge moja lilikuwa meza.

Jonas alikuwa juu yake.

Alikuwa amepasuliwa kuanzia kifuani. Jicho moja lilikuwa wazi. Mvuke ulikuwa bado unamtoka. Mzee alikuwa amesimama na kisahani mkononi, anamsogezea Asifiwe, ambaye alikuwa ameketi wima kama mgeni kwa wakwe. Alikuwa anambembeleza kwa sauti nyororo. Onja tu, anasema. Kidogo tu. Usinitie aibu nyumbani kwangu.

"Hatuli," nilisema.

Aliniangalia kama hakunielewa. Sidhani amewahi kuona mgeni wa kukataa. Basi nikafanya jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi kwenye nyumba ya mtu. Nilipiga kile kisahani kwa chuma, kikaruka pamoja na vidole vilivyokishika. Nikamkamata Asifiwe kwapani, nikamvuta.

Mzee alilia. Kilio cha mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Akaturukia. Nilimpiga bega, likabonyea kwa mlio wa kuni kavu. Nilimpiga taya, likakaa upande. Bado alikuja, taya linaning'inia, na kwa nusu ya mdomo iliyobaki akaunasa mkono wa kushoto wa Asifiwe. Nikasikia mfupa. Asifiwe akaanguka juu yangu kwenye ngazi, na kidole chake cha pete kimebaki kwenye yale meno.

Nilimsukumia nje, nikageuka, nikaupiga mlango kwa bega. Mkono wa mzee ulitokeza kwenye upenyo, unapapasa. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Mkono ukakatika, ukaanguka kwenye majani, na vidole vikaendelea kukwaruza changarawe. Niliupiga kwa chuma mpaka ukatulia, na baada ya kutulia niliendelea kuupiga.

Taa za gari la Owen zilikuja kwenye njia ya miti. Owen aliruka nje. Alivua shati, akafunga mkono wa Asifiwe, akatupakia nyuma na kuondoa gari kwa kasi.

Ndani ya gari niliwasha taa nimwangalie. Uso wake umepauka, macho makavu. Na midomo yake ilikuwa myekundu. Nikadhani ameumia, nikaichukua leso nimfute, nikatafuta jeraha. Hakukuwa na jeraha.

"Nilionja, yaya," aliniambia. "Kiloko, kidogo tu. Alinibembeleza sana, nikasikia haya kukatala."

Sikumwambia Owen. Nilimfuta midomo, nikaitupa leso dirishani.

Polisi walimkuta Jonas chini ghalani, kwenye sakafu kavu. Barafu hawakuiona. Mkono nao hawakuupata, walipata shina la mwaridi lililopondwapondwa. Wakazungumza habari ya mbwa wakubwa, baadaye wakazungumza habari ya mtu mgonjwa wa akili ambaye hajakamatwa hadi leo. Mimi na Asifiwe tuliulizwa maswali hadi tukachoka, na jibu letu lilikuwa lile lile.

Baadaye nilirudi kule mchana na Owen kuchukua mashine zetu, nikaonana na Gunilla, mama anayefuga farasi shamba la jirani. Alinieleza alichosikia kwa bibi yake. Mwaka mmoja wa njaa, zamani, bwana wa kasri alikuwa na wageni, na ombaomba akaja mlango wa jikoni. Wakamwambia angoje wakubwa wamalize. Ili wageni wasimwone, wakamwingiza kwenye ghala la barafu wakafunga. Kisha wakamsahau. Walimkuta walipokwenda kutoa barafu ya kiangazi, na hakuwa peke yake mle, kulikuwa na mtoto mmoja, mtumishi wa jikoni, aliyepotea majira yale yale. Nilimuuliza mtoto alikuwa katika hali gani. Gunilla akasema farasi wake wanamngoja, akaondoka.

Asifiwe hospitali walimruhusu mapema. Kidonda kilikauka haraka mno, daktari akafurahi. Mimi sikufurahi. Dative alimpikia kila anachopenda, na kila mara alisema asante mama, nimeshiba. Hakukonda. Ngozi yake ilikuwa baridi, lakini nani huku hana baridi? Arusi ilifanyika Desemba kama ilivyopangwa. Pete akavishwa mkono wa kulia, watu wakalia kwa huruma, wakapiga vigelegele. Alicheza vizuri. Kwenye sahani yake ya bibi arusi hakugusa kitu. Alikuwa anatutazama sisi tukila, meza baada ya meza, na mdomo wake unatembea.

Sasa anakaa Jordbro na mumewe. Juzi alinipigia simu. Sauti ile ile, adabu ile ile. Alisema ni aibu, tangu aolewe sijafika kwake. Nije nile. Nilimuuliza mumewe yuko wapi, akasema ameshapumzika.

"Sitakuja," nilimwambia.

Kisha akalia, polepole, na mimi nikalia upande wangu, kwa sababu nilimpenda yule mtoto na nilikabidhiwa. Lakini sikubadilisha neno. Nikakata simu.

Leo alasiri nimekutana na Dative ngazini. Amejifunga kitenge kipya, kapu mkononi, kilemba kimesimama. Anang'aa kwa furaha. Mtoto wake amemwita chakula, ameniambia, na jana kwenye simu ameshamjibu kwamba atakuja.

Ungemwambia nini mama wa mtu? Nilimshika mkono, nikamvuta ndani kwangu, nikamsukuma chumbani na kufunga kwa ufunguo. Kapu lilimwagika ukumbini, ndizi na sukari, na simu yake. Amepiga mlango kwa ngumi mpaka majirani wamegonga ukuta. Amenitukana kwa lugha ya kwao na ya kwangu. Amesema nina wivu na mtoto wake, amesema mimi ndiye mchawi. Acha atukane. Owen ananiambia nimfungulie mama wa watu, na nimemwambia akiugusa ufunguo nitamvunja mkono, na anajua nasema kweli.

Nimekaa chini, mgongo kwenye mlango, chuma cha kuchochea moto mapajani. Chumba kile kiko ghorofa ya tatu na dirisha lake halifunguki zaidi ya kiganja.

Giza limeshaingia Husby. Dative ameacha kupiga mlango.

Anaongea na mtu huko ndani, kwa sauti ya upole, ile anayotumia na Asifiwe.